Simu za Android za bei ya juu Nairobi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Simu ya Android ya bei ya juu inastahili pesa zake kwa sharti moja: uitumie miaka minne au mitano. Anayebadilisha simu kila mwaka hupoteza fedha nyingi, maana simu hizi hushuka bei haraka kuliko iPhone, na faida humwendea anayezinunua baada yake. Ndiyo sababu orodha hii haianzi na toleo lililozinduliwa juzi. Nimeipanga kwa kufuata swali ambalo wauzaji wa Luthuli Avenue na Moi Avenue hawaulizwi vya kutosha: simu hii itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani?

Swali hilo ni zito kwa sababu simu ya Mkenya ndiyo pochi yake. Humo mna M-PESA, programu ya benki, eCitizen na WhatsApp ya biashara. Masasisho yakikoma, kila tundu la usalama litakalogunduliwa baadaye hubaki wazi, na baada ya muda hata programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye Android ya zamani. Google ilianza kuahidi miaka 7 ya masasisho ilipotoa Pixel 8 mwezi Oktoba 2023. Samsung ikafuata Januari 2024 na Galaxy S24. Matoleo ya S22 na S23 yaliahidiwa masasisho manne ya Android na miaka 5 ya usalama tu. Kwa hiyo S22 Ultra, iliyotoka Februari 2022, inafikia mwisho mapema 2027, ilhali S24 Ultra inaenda hadi 2031. Ukiziona kwenye kabati la kioo dukani zinafanana sana: pembe za mraba, kalamu tumboni, kamera zimepangwa vilevile. Muuzaji atakwambia tofauti ni ndogo. Tofauti ni miaka minne.

Fanya hesabu hii kabla hujatoka nyumbani: gawa bei kwa miaka ya masasisho iliyobaki. Simu ya shilingi 60,000 iliyobakiza miaka 2 inakugharimu 30,000 kwa mwaka. Ya 100,000 iliyobakiza miaka 5 inakugharimu 20,000. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

1. Samsung Galaxy S24 Ultra

Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue, iwe mpya yenye waranti au iliyotumika na kukaguliwa vizuri. Ilizinduliwa kwa dola 1,299 Marekani. Kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola, hiyo ni karibu 168,000 kabla ya VAT ya asilimia 16. Sasa imeshuka mbali na hapo, na ukiuliza maduka matatu utapata bei tatu, kwa hiyo zunguka.

Inachokupa kwanza ni kamera. Ile kuu ni ya megapikseli 200, na ipo nyingine ya megapikseli 50 inayovuta kitu cha mbali mara tano. Mzazi anayeketi nyuma kabisa ya ukumbi mtoto wake akikariri shairi atajua thamani ya kamera hiyo kuliko mtu yeyote. Pili ni kioo. Mwanga wake hufika niti 2,600 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), na kimetengenezwa kupunguza mng'ao, kwa hiyo saa saba mchana barabarani unasoma ujumbe bila kuukinga kwa kiganja. Inahimili maji kwa kiwango cha IP68, yaani mita 1.5 kwa dakika 30, na mvua ya Aprili ikikukuta stejini haitakuharibia siku. Lakini uwezo huo hupungua simu ikishaanguka au kufunguliwa na fundi, kwa hiyo usiutegemee kwenye simu iliyotumika.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulilipia na kamwe hawalitumii: DeX. Unaunganisha simu na televisheni au monita, unaweka kibodi na mausi, unapata meza ya kazi kama ya kompyuta. Mwanafunzi anayeandika tasnifu, au mfanyabiashara anayejaza hesabu zake usiku, anaweza kukaa miezi bila kununua laptopu. Kwa mtu wa namna hiyo, bei ya simu inabeba vitu viwili.

Udhaifu wake ni wa kweli pia. Ina uzito wa gramu 232 na kioo cha inchi 6.8 kutoka pembe hadi pembe, na mwenye mkono mdogo ataichoka. Haina nafasi ya memori kadi, basi GB 256 unazonunua ndizo utakazoishi nazo. Chaja haimo kwenye boksi, na chaja halisi ya wati 45 ni gharama ya pembeni. Usiweke simu ya aina hii kwenye chaja ya mia tatu ya kando ya barabara. Halafu kioo. Kikivunjika, bei ya kioo halisi pamoja na kazi ya fundi inaweza kukaribia bei ya simu nzima mpya ya daraja la kati. Kuna vioo vya bei nafuu mjini, lakini rangi hufifia, alama ya kidole inaweza kugoma na kalamu isiandike. Bajeti ya simu hii ihesabu kava imara na protekta nzuri tangu siku ya kwanza, na ukipata bima ya kioo kwa bei ya haki, ichukue.

2. Galaxy S25 au S24, zile ndogo

Kwa anayepanda matatu kila siku na kupita barabara ya Tom Mboya jioni, ukubwa wa simu ni suala la usalama. S24 ina gramu 167 na S25 gramu 162. Inaingia mfuko wa mbele wa suruali na kutulia humo. Masasisho ni yaleyale ya miaka 7, na kamera inatosha kwa watu wengi.

Kati ya hizo mbili, chagua S25 ukiimudu. Ilikuja na chipu yenye kasi zaidi, Snapdragon 8 Elite, kote duniani pamoja na RAM ya GB 12, ilhali S24 ya kawaida inayouzwa kwetu hutumia chipu ya Exynos 2400 na RAM ya GB 8. Zote mbili zina betri ya 4,000 mAh na kuchaji kwa wati 25, na hapo ndipo zinaposhindwa. Tecno au Infinix ya elfu ishirini yenye 5,000 mAh inaweza kumaliza siku ikiwa na chaji zaidi. Dereva wa teksi ya programu, anayewasha ramani kutwa nzima, asiinunue.

3. Google Pixel 8 Pro au 9 Pro

Kwa picha za watu, Pixel ndiyo naipenda kupita zote. Tangu Pixel 6 ya mwaka 2021, Google imeweka kazi maalumu inayoitwa Real Tone ili ngozi nyeusi itokee kwa rangi yake, isipauke wala kugeuka kijivu. Piga picha ya familia yenye rangi tofauti za ngozi jioni nje ya nyumba, utaelewa. Anayepiga picha za harusi ndogo, mapishi au nguo za kuuza mtandaoni aifikirie kwa uzito.

Kilichoishusha hadi nafasi ya tatu ni kwamba Google haiuzi Pixel rasmi Kenya. Zote zinaletwa na wafanyabiashara. Waranti yako ni neno la mwenye duka, vipuri ni vya kuwinda, na baadhi ya huduma za mtandao, hasa kupiga simu kupitia 4G na kutumia 5G, huenda zisifanye kazi kwenye laini yako. Weka laini yako mwenyewe ndani ukiwa dukani, piga simu huku ukitazama kama mtandao unashuka hadi 3G, kisha ndipo uzungumze bei.

4. OnePlus 13 na Xiaomi za daraja la juu

Mtaa wenu ukipotewa na stima mara kwa mara, OnePlus 13 itakufaa. Betri yake ni ya 6,000 mAh na huchaji kwa kasi inayoziacha Samsung nyuma sana. Imeahidiwa matoleo manne ya Android na miaka 6 ya usalama. Xiaomi 14 Ultra na 15 Ultra zina kamera kuu zenye kihisi kikubwa cha inchi moja, na kwa mpiga picha hilo ni jambo zito.

Tahadhari ni moja: hakikisha ni toleo la kimataifa. Toleo lililotengenezwa kwa soko la China huuzwa nafuu, lakini huja na programu nyingi za Kichina, na arifa za WhatsApp au za benki zinaweza kuchelewa kwa sababu mfumo wake huzima programu zinazofanya kazi chinichini.

5. Simu za kukunja

Ni nzuri kutazama, na ningeziacha. Galaxy Z Fold6 ilizinduliwa kwa dola 1,899 na kinga yake ni IP48. Ile tarakimu 4 maana yake inazuia chembe zinazozidi milimita moja, si vumbi. Vumbi la Nairobi mwezi Februari linaingia kila mahali, na bawaba ya simu ni mahali mojawapo. Kioo cha ndani ni laini na kukibadilisha ni ghali kuliko vyote nilivyotaja.

Kuhusu S25 Ultra, sijaipa nafasi kwa sababu ni ndugu wa S24 Ultra: kamera kuu ya megapikseli 200, betri ya 5,000 mAh na wati 45 zimebaki palepale. Kamera ya kupiga upana imepanda kutoka megapikseli 12 hadi 50, uzito umeshuka hadi gramu 218, na kalamu imepoteza Bluetooth. Tofauti ya bei ikiwa chini ya elfu ishirini, ichukue. Huawei nyingi zilizotoka tangu vikwazo vya Marekani vya 2019 hazina huduma za Google, na kwa mtu anayetegemea programu za benki ni usumbufu usio na sababu.

Kabla hujatoa pesa

Simu nyingi za bei ya juu mjini zimetumika ng'ambo kwanza. Si vibaya, ila kagua. Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani nambari ya utambulisho wa simu, ilinganishe na ya kwenye boksi na ya kwenye mipangilio, kisha itume kwa SMS hadi 1555, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, ujue kama simu ni halali. Kwenye Samsung bonyeza *#0*# ujaribu kioo kwa rangi moja moja: nyekundu, kijani, bluu. Mstari mwembamba wa kijani au kivuli cha herufi za zamani ni dalili ya kioo kinachokufa. Tazama nambari ya modeli. S24 Ultra ya kimataifa ni SM-S928B. Ikiishia na U ni ya Marekani, huenda imefungiwa mtandao wa huko na huwa na nafasi moja tu ya laini ya plastiki. Ikiishia na N ni ya Korea, na kamera yake inaweza kulia kila ukipiga picha.

Mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako, kisha uiwashe upya mwenyewe ikiwa kwenye intaneti. Ikidai akaunti ya Google ya mtu mwingine, ondoka. Ikionyesha kwamba inasimamiwa na shirika au mkopeshaji, ondoka pia, hata bei ikiwa tamu vipi. Inaniuma kuona kijana ametoa akiba ya mwaka mzima kwa broka wa kando ya ngazi, na baada ya wiki chache kioo kinaandika kwamba deni halijalipwa. Deni la mtu asiyemjua.

Ukinunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, zidisha malipo ya kila siku kwa siku zote, ongeza amana, ulinganishe na bei taslimu. Ukikuta pengo kubwa, subiri. Mimi nasema wazi: simu ya laki moja isinunuliwe kwa mkopo unaoweza kuifunga ukikosa malipo, hasa ikiwa ndiyo unayofanyia kazi. Galaxy A56, iliyotoka 2025 ikiwa na ahadi ya miaka 6 ya masasisho, itakuhudumia vizuri ukiilipa mara moja.

Lipa kwa M-PESA kwenye nambari ya duka, si kwa nambari binafsi ya muuzaji. Kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, kwa hiyo hata simu mpya inalipika mara moja. Risiti iandikwe IMEI zote mbili, moja ya kila laini.

Jioni hiyohiyo, kabla ya kuhamisha picha, washa kinga ya wizi kwenye mipangilio ya Google. Inatambua simu ikinyakuliwa mkononi na mtu akikimbia nayo, na hufunga kioo papo hapo. Hufanya kazi kuanzia Android 10. Weka PIN kwenye laini yenyewe ili mwizi asiihamishie kwenye simu nyingine na kuanza kuomba namba za siri za benki yako. Kama simu inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya plastiki, ihamishie laini ya M-PESA huko, kwa kuwa haichomoki. Na ndani ya matatu, ukiwa dirishani kwenye foleni ya Globe au Muthurwa, funga dirisha kwanza ndipo utoe simu.