Walianza kupanga viti binti akiwa bado anaimba

Naanza na ukumbi, maana hasira yangu iko huko na mpaka leo haijapoa. Mkiona tangazo la usiku wa wasanii wapya wa muziki wa kantri wa Uingereza katika ukumbi mmoja hapa Birmingham, ule wa ghorofani juu ya baa, jueni mapema kwamba mtatolewa kama watu waliovamia harusi isiyo yao. Nyota moja. Na hiyo moja naitoa kwa shingo upande.

Ilikuwa ile shoo ya wasanii watatu kukaa jukwaani pamoja, kila mmoja na gitaa lake, wakipokezana wimbo mmoja mmoja na kueleza ulivyotungwa. Wa mwisho alikuwa binti wa wakulima wa viazi kutoka Lincolnshire. Akasema wimbo anaofunga nao ni mpya, bado hajaurekodi, unahusu siku baba yake alipouza trekta la mwisho. Watu wakatulia tuli. Waingereza wapenzi wa kantri wana adabu hiyo, wanasikiliza kila neno, na hata wasanii wakubwa wa Marekani wakija hapa huwasifu kwa hilo.

Ubeti wa pili, nyuma yetu: kwaaa! Jamaa wa ukumbi, fulana nyeusi, funguo zinaning'inia kiunoni, anavuta viti na kuvipandanisha, chuma juu ya chuma. Nikageuka, nikamwashiria asubiri. Akanitazama usoni, akavuta kingine. Nikainuka, nikamfuata, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, bado anaimba." Akanijibu bila hata kunong'ona: "Disko linaanza saa nne. Mimi nina kazi yangu."

Binti alisikia. Mkono ulisimama juu ya nyuzi, akarudia mstari aliokuwa ameumaliza, kisha akaendelea macho yakiwa chini mpaka mwisho. Makofi hayajaisha, taa zote zikawashwa, na pale mlangoni baunsa akawa anasema twendeni, twendeni. Yule binti alikuwa ameweka CD zake na fulana kwenye meza ndogo karibu na ngazi. Akaambiwa aondoe meza, akauzie nje. Nje kulikuwa na mvua!

Labda mtu ataona ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Msanii mchanga wa kantri hapa hana redio ya kumcheza kutwa nzima, na pesa za kusikilizwa mtandaoni ni senti za kuokota. Anachokitegemea ni meza ile, dakika zile chache baada ya wimbo wa mwisho, wakati mtu ana joto moyoni na mkono uko mfukoni. Tena kumbi nyingi za nchi hii hukata fungu kwenye mauzo ya msanii, nyingine mpaka robo. Malalamiko yalizidi hadi 2022 chama cha wasanii, Featured Artists Coalition, kikaanza kuchapisha orodha ya kumbi zisizokata chochote. Sasa huyu wetu hata hiyo robo hakuona haja nayo, alifunga duka kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba muziki wenyewe ulikuwa mzuri mno. Nimekulia Nakuru, na sisi wa Kenya kantri hatufundishwi. Jumapili nyumbani ilikuwa Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton kutoka redioni mpaka chakula kiive, na hadi leo Sir Elvis, mwimbaji wetu Mkenya, anajaza watu Nairobi kwa kantri tupu. Kwa hiyo nilipohamia huku, kantri ya Waingereza niliipuuza kwa muda mrefu. Niliona wanaiga. Na wako wanaoiga kweli: mtu kazaliwa Essex, akishika maikrofoni anaongea kama wa Tennessee kule Marekani, anaimba magari ya pikapu na barabara za vumbi ambazo kwao hazipo. Wa namna hiyo sina subira nao.

Lakini hawa watatu waliimba kwao. Mmoja aliimba karavani ya bibi yake ufukweni Wales, mvua ikipiga bati. Mwingine aliimba zamu ya usiku kwenye ghala, kwa lafudhi yake ya Yorkshire, bila kuipaka sukari. Njia imeshafunguliwa na waliowatangulia. The Shires waliingia kumi bora ya albamu za Uingereza mwaka 2015, jambo ambalo hakuna kundi la kantri la hapa lililokuwa limelifanya, na mwaka uliofuata mapacha wa Ward Thomas kutoka Hampshire wakashika namba moja. Halafu Yola wa Bristol, dada mweusi, sauti ya kutetemesha kuta, akateuliwa mara nne kwenye tuzo za Grammy za 2020. Hata hivyo, nenda tamasha la Country to Country pale The O2, London. Lipo tangu 2013, na majina makubwa ya jukwaa kuu karibu yote ni ya Wamarekani. Wenyeji wengi utawakuta kwenye majukwaa madogo ya pembeni, watu wakipita na vikombe vya bia. Ndiyo maana kumbi ndogo kama huu wa kwetu zina uzito kiasi hiki, na ndiyo maana nashindwa kumsamehe yule jamaa na viti vyake.

Niliwaandikia. Wakajibu kwamba muda wa kufunga umeandikwa kwenye tiketi. Tiketi yangu ninayo hapa. Imeandikwa saa ya kufunguliwa mlango, basi. Kuhusu kelele za viti, kimya.

Nilikuwa nimeapa sitakanyaga tena pale. Sasa nimeona binti yule ametangazwa tena, ukumbi ule ule, na moyo unanivuta. Nitakwenda. Wimbo wa trekta nataka kuusikia wote, na nikisikia kiti kinaburutwa safari hii sitaomba kwa ishara.

Halafu kuna jambo hili la nyota. Zinahesabiwa kwa shoo nzima, kwa hiyo nikiacha moja nawaadhibu wale watatu, na jamaa wa fulana nyeusi hapungukiwi na kitu. Basi nabadilisha, natoa nne. Ya tano ukumbi umeila. Mtakaokwenda kaeni safu za mbele, na CD nunueni wakati wa mapumziko, msingoje mwisho.