Kliniki ya moyo: nesi aliyeniuliza ya chumbani

Nawapa nyota nne kati ya tano.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Tangu nipate shambulio la moyo, miezi mitano nimelala ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Mama watoto akadhani nina nyumba ndogo. Kliniki ilikuwa presha, dawa, kwaheri. Kuuliza? Yule nesi ni rika la binti yangu.

Juzi akaanza mwenyewe, huku ananifunga kitambaa cha presha: "Baba, na tendo la ndoa mnaendeleaje?" Nikaangalia viatu. Hakucheka. Akauliza kama napanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema sana. Sista, mimi nakaa Mabatini juu ya mawe, kila siku napanda! Basi, akasema, kwa kawaida moyo utalimudu na hilo. Kifua kikiuma, niache nipumzike.

Halafu akakaza sauti. Kwa kuwa nina vidonge vya naitreti vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, nisiguse dawa za nguvu za kiume: presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Na dawa ya presha ikipunguza nguvu, nimwambie daktari, nisiiache kimyakimya. Nilikuwa nimeshaiacha wiki mbili. Nikakiri.

Nyota niliyokata ni ya mlango. Haufungi. Benchi zima lilisikia, na mzee mmoja akanigongea tano nilipotoka. Kliniki ijayo naenda na mama watoto, nesi kamwita.