Sakafu ya Gari Iliyoliwa na Kutu: Njia za Matengenezo ya Gharama Nafuu Mtwara na Lindi, Kuanzia Iliyo Bora

Gari lililokaa miaka mingi karibu na bahari, iwe Shangani, Mikindani au Lindi mjini, mara nyingi huanza kuoza sakafu kabla injini yake haijachoka. Chumvi iliyomo katika upepo wa bahari huharakisha kutu, na anayeendesha gari juu ya mchanga wa ufukwe wa Msimbati huiongeza kwa magurudumu yake mwenyewe. Hata hivyo, maji mengi yanayoila sakafu hutokea ndani. Mpira wa kioo cha mbele uliokauka, bomba la maji ya kiyoyozi lililoziba, au ndoo ya samaki na barafu inayochuruzika nyuma ya kiti, vyote huloanisha kapeti, na sponji iliyo chini ya kapeti hushika unyevu huo kwa muda mrefu huku bati likiliwa kutoka juu kwenda chini. Fedha ya kwanza, basi, itumike kuziba njia ya maji, kwa sababu bati jipya lililowekwa chini ya kapeti bichi nalo litaoza.

Kabla ya kuzungumza bei na fundi yeyote, viti na kapeti vitolewe, kisha sakafu igongwe kwa nyundo ndogo na kuchomwachomwa kwa bisibisi imara, juu na chini ya gari. Bati zima hulia; lililooza hutoa sauti ya kufa na bisibisi huzama. Sumaku nayo ipitishwe, kwani mahali inapokataa kushika pana puti au faiba iliyofichwa na mwenye gari wa kabla yako. Zungushia chaki kila sehemu mbovu, na uongeze upana wa vidole viwili hivi, maana kutu daima imekwenda mbali kuliko inavyoonekana. Kama bati bado ni gumu na kutu ipo juu tu, huhitaji kununua lolote kati ya yanayofuata: sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha praima na rangi.

Palipotoboka, nafasi ya kwanza naipa kukata sehemu iliyooza na kuchomelea bati jipya la chuma kwa mashine ya MIG, yaani ile inayochomelea kwa waya unaojilisha wenyewe, na sioni njia nyingine inayoikaribia kwa thamani ya fedha. Bati linalofaa ni la geji 18, yaani unene wa takribani milimita 1.2, geji 20 inakubalika kwa kiraka kidogo kisichobeba uzito. Bati la kuezekea nyumba la geji 28 au 30 likataliwe hata likitolewa bure, kwa kuwa ni jembamba mno kwa kazi hii, na zinki yake ikiungua hutoa moshi unaomdhuru fundi. Fundi akate hadi afikie chuma safi, aanze kwa nukta zilizoachana, na aache bati lipoe kabla ya kuunganisha nukta hizo, la sivyo sakafu itapinda. Karakana nyingi zina mashine ya rodi tu. Kazi hiyo inawezekana kwa rodi nyembamba, za milimita 2.5 au pungufu, lakini mkono usio mzoefu hutoboa matundu mapya pembeni ya lile la zamani, kwa hiyo mwombe akuonyeshe kwanza mshono wake kwenye kipande cha bati jembamba. Mtwara na Lindi zote zina chuo cha VETA, yaani cha mafunzo ya ufundi stadi, na kuulizia huko mafundi waliojifunza kazi hii ni hatua isiyogharimu kitu. Gharama hupungua ukinunua bati mwenyewe na kupatana malipo kwa kiraka badala ya kwa siku. Sharti moja lisilegezwe: kiraka kisipakwe lami wala rangi kabla hujakikagua kwa macho yako.

Katika kazi hiyo usalama si jambo la kupuuza. Chini ya sakafu hupita mabomba ya mafuta na ya breki, na juu yake, chini ya kapeti, hupita nyaya. Betri itenganishwe, mabomba na nyaya zilizo karibu zisogezwe au zifunguliwe, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu anayetazama upande wa pili wa bati, ambako fundi haoni.

Nafasi ya pili ni kipande cha sakafu kilichokatwa kutoka gari bovu la aina ileile. Faida yake ni kwamba huja na mikunjo na matuta ya kiwandani, ambayo ndiyo yanayoipa sakafu nguvu, na ambayo ni vigumu kuyafinyanga kwa nyundo. Kwa magari yaliyozagaa kama Toyota Corolla, Noah au Hiace, vipande hupatikana, lakini mara nyingi vitatoka Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 500 kutoka Mtwara, na nauli ya mzigo pamoja na kuchomelea kulekule huondoa unafuu. Njia hii inafaa pale tu ambapo nusu ya sakafu imekwisha.

Ya tatu ni kiraka cha bati kilichofungwa kwa ribiti na sila (gundi ya kuziba mianya) ya poliyurethani. Kwa mwenye kipato kidogo naiona ni njia ya heshima, mradi chuma kisafishwe na kupakwa praima pande zote kabla ya kufunga, sila ijae chini ya bati lote, na ribiti zikaribiane kwa sentimita mbili au tatu. Tumia ribiti za chuma. Za alumini zikikutana na chuma na maji ya chumvi huanzisha ulaji wao wenyewe. Njia hii, pamoja na zote zinazoifuata, isitumike kwenye chesesi, mahali panapofungwa viti na mikanda ya usalama, wala pale jeki inapoegemea, kwa sababu sehemu hizo hubeba maisha ya watu.

Faiba inashika nafasi ya nne. Hufaa kwa tundu dogo kwenye eneo tambarare, na rezini ya epoksi hushika chuma vizuri kuliko ya poliesta, lakini sakafu ya gari hutikisika, ukingo wa faiba huachia, na maji yakiingia hapo hukaa yakila chuma bila kuonekana. Puti, sementi na lami iliyomiminwa juu ya kutu naziweka mwisho, wala sizipendekezi. Oili chafu inayopuliziwa chini ya gari huharibu mipira na kuchafua udongo, na chuma kilichokwisha kutoboka haitakirudisha.

Njia yoyote utakayochagua, bajeti ibakishe sehemu ya rangi, kwa sababu kuchomelea huunguza rangi ya upande wa chini, na kiraka kilichoachwa hivyo huanza kuoza upya. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, paka praima siku hiyohiyo kabla upepo wa bahari wa jioni haujatua juu ya chuma kitupu, ziba mishono pande zote mbili, kisha paka andasili, yaani rangi nzito ya kukinga upande wa chini wa gari.

Wengi huku husubiri fedha za korosho, ambazo minada yake huanza Oktoba, na hapo muda huwa umebana, kwa kuwa mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Anayeweza aifanye kazi hii kati ya Juni na Septemba, hewa ikiwa kavu. Kabla ya kurudisha kapeti, mimina ndoo kadhaa za maji kwenye kioo cha mbele na milango, upapase sakafu kwa mkono. Na baada ya mvua kubwa ya kwanza, inua kapeti mahali pa miguu ya dereva na abiria ukague tena.