Kipimo cha kaseti cha damu iliyojificha chooni: kinafaa, ila kikaratasi chake kimepitwa na wakati

Kwa wanaotafuta kipimo hiki cha kuchunguza saratani ya utumbo mpana kwenye maduka ya vifaa tiba Kariakoo: chukua kile cha kaseti yenye herufi C (mstari wa kuhakiki kipimo) na T (mstari wa jibu). Kile cha zamani cha kadi kinataka uache nyama nyekundu na vitamini C siku tatu kabla. Nyama huleta majibu chanya ya uongo, vitamini C huficha damu iliyopo. Kaseti hutambua hemoglobini (protini ya damu) ya binadamu tu, mishikaki ya jana haiihusu.

Pokea choo kwenye chombo kikavu, kisichanganyike na mkojo wala maji. Choma kijiti sehemu kadhaa za kinyesi, maana damu haisambai sawasawa. Kirudishe kwenye kichupa, tikisa, dondosha matone kwenye kaseti na usome ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi dakika 5 hadi 10. Mstari wa T ukiwa hafifu bado ni chanya. C isipotokea, tupa. Mwenye hedhi au bawasiri inayovuja asubiri kwanza.

Kinachokiangusha hapa Dar ni joto. Kaseti nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 30, na stoo ya bati mwezi wa pili hupita hapo. Sampuli nayo ikichelewa juani, hemoglobini huharibika na jibu hutoka hasi wakati damu ilikuwepo. Pima papo hapo.

Chanya si lazima iwe saratani. Safura na kichocho cha tumbo pia huvujisha damu. Lakini usimeze dawa ya minyoo ukaishia hapo, nenda kwenye kamera ya utumbo mpana. Hasi nayo isikulaze: kipimo kimoja hukosa takriban saratani 2 kati ya 10, hivyo hurudiwa kila mwaka.

Vikaratasi vingi bado vinasema uanze na miaka 50. Marekani walishusha hadi 45 mwaka 2021. Huko weusi huugua saratani hii takriban asilimia 20 zaidi kuliko wazungu na hufa karibu asilimia 40 zaidi, kwa sehemu kubwa kwa kuchelewa kupimwa na kutibiwa. Chini ya miaka 50 pengo limepungua, ila si kwa sababu njema: ni vijana wa kizungu walioongezeka. Mwigizaji mweusi wa Marekani Chadwick Boseman alifariki kwa saratani hii 2020 akiwa na miaka 43 tu.

Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani hii aanzie kwenye kamera, akiwa na miaka 40 au mapema zaidi. Anayeona damu chooni, au anayekonda bila sababu, asinunue kaseti kabisa. Hiyo ni nauli ya kwenda hospitali ya Muhimbili.