py-spy: kama programu yako ya Python inakokota, jaribu hii kabla hujanunua seva kubwa

Wadau wa Python, hii kitu naisifia na hamna aliyenilipa. py-spy ni profaila, yaani inaichungulia programu ikiwa inapiga kazi halafu inakuonyesha muda unaliwa wapi, na uzuri wake hugusi hata mstari mmoja wala huizimi, unatafuta namba ya prosesi (yaani programu yenyewe ikiwa inakimbia), unaandika py-spy top --pid na hiyo namba, basi, unaanza kuona fankisheni zinavyopanda na kushuka. Kwa sisi ambao seva ikizimwa mchana simu zinaanza kuita, hiyo peke yake inatosha.

Mimi nilirithi programu ya kulinganisha malipo ya simu na vitabu vya mteja, kila mwisho wa mwezi watu wanaiwasha wanaenda kula wanarudi bado inazunguka. Kila mtu anailaumu databesi, mabosi washaanza kuulizia bei ya seva mpya. Nikapiga py-spy record -o ripoti.svg --pid na namba yake nikafungua faili kwenye brauza. Inatoka flemu grafu, ile michoro aliyoianzisha mtaalamu wa kasi za mifumo Brendan Gregg mwaka 2011, we angalia upana wa boksi tu, ndio muda wenyewe, rangi achana nazo. Sasa boksi moja limetanda karibu mchoro mzima na limeandikwa mpaka namba ya mstari, naenda kwenye huo mstari nakuta:

if kumb in zilizolipwa:

Na zilizolipwa ni listi! Yaani kwa kila muamala Python inaanza juu ya listi inashuka mmoja mmoja kutafuta namba ya kumbukumbu, weka miamala elfu hamsini dhidi ya listi ya elfu hamsini uone balaa lake. Nikaigeuza ikawa seti, ambayo inaenda moja kwa moja kwenye inachotafuta bila kupita mmoja mmoja, kabla ya lupu kuanza, mstari mmoja tu, ripoti sasa inatoka mtu akiwa bado kwenye kiti. Habari za seva zikafa.

Ile cProfile inayokuja na Python yenyewe sio mbaya, ila inahesabu kwa fankisheni, ingeniambia fankisheni fulani ni nzito halafu mstari nikausake mwenyewe, tena inarekodi kila mwito kwa hiyo na programu inazidi kuwa nzito. py-spy imeandikwa kwa Rust, inakaa pembeni kwenye prosesi yake na inapiga sampuli 100 kwa sekunde, yaani inachungulia mara 100, programu yako karibu haisikii kitu.

Kero zipo. Kwenye Linux ukitaka kuingia kwenye prosesi inayokimbia kwa kawaida utahitaji sudo (ruhusa ya msimamizi), na ndani ya kontena la Docker usipoiruhusu SYS_PTRACE (ruhusa ya kuchungulia prosesi nyingine) inakugomea. Kazi ikiwa imejificha kwenye maktaba za C ongeza --native. Ila inayowapiga chenga wengi ni hii, yenyewe kwa kawaida inaziruka thredi (njia za kazi ndani ya programu) zilizolala, sasa kama programu inasubiri databesi au API ya watu, huo muda wa kusubiri hauuoni na utabaki unahangaika na kiboksi kisichohusika, weka --idle ndio utaona. Hii wangeiandika kwa herufi kubwa kabisa.

Memori haipimi, usiisumbue kwa hilo, tafuta memray.

Ni bure, pip install py-spy unaanza. Nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya --idle.