Zypper: inapokataa, inasema kwa nini

Natumia openSUSE Tumbleweed, mfumo endeshi wa Linux, kwenye laptopu ya kazi, na kinachonibakisha humo ni zypper, programu ya kusakinisha na kusasisha vifurushi vya programu. Tumbleweed haina msimu: matoleo mapya yanamiminika mwaka mzima, na kila kifurushi kinakuja na masharti yake. Hiki kinadai maktaba fulani (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) kuanzia toleo la 3, kile hakipatani na kingine. Ukipanga kwa mkono utazeeka.

Zypper haipapasi. Tangu openSUSE 11.0 ya mwaka 2008 inatumia kitatuzi cha mantiki, ambacho leo kinaitwa libsolv; hata DNF, programu ya vifurushi ya Linux nyingine iitwayo Fedora, inakitumia. Kila toleo la kila kifurushi linageuzwa kauli ya ndiyo au hapana, na kila sharti linakuwa kanuni: ukiweka A, lazima B au C iwepo, D na E zisikutane. Kisha kinatafuta mpangilio usiovunja hata kanuni moja. Kikigonga mgongano kinarudi hadi ulipoanzia na kujiwekea kanuni mpya, kisipite tena njia ile. Hii ni akili mnemba ya kizamani, isiyojua soga wala kubembeleza.

Uzuri wake naujua inapokwama. Juzi kodeki za video (programu za kuchezesha video) kutoka ripozitori moja ya nje, yaani ghala la vifurushi lisilo la openSUSE, zilikuwa zimeachwa nyuma na mfumo. Zypper ikasimama, ikanieleza kifurushi gani kinadai nini, ikanipangia njia kwa namba: kubaki na toleo la zamani, kuhamia kifurushi cha openSUSE yenyewe, au kupuuza sharti na kukivunja. Nikaandika c, kughairi. Siku chache baadaye ripozitori ile ikajisasisha na kila kitu kikapita. Hiyo njia ya kuvunja usiiguse, hasa saa sita usiku.

Kasoro zipo. Maktaba moja ikichelewa, unaweza kumwagiwa matatizo skrini nzima, kumbe mzizi ni mmoja. Halafu mantiki inajua tu masharti yaliyoandikwa: aliyefunga kifurushi akisahau moja, zypper itakuambia mambo safi na programu isifunguke. Hapo namshukuru snapper, zana inayohifadhi picha ya mfumo ulio kwenye diski ya Btrfs (aina ya mfumo wa faili) kabla na baada ya kila usakinishaji. Unawasha mashine kwa picha ya jana, unaandika sudo snapper rollback, unaiwasha upya, unaendelea na kazi.

Kama unanunua bando kwa GB, Tumbleweed ni mlafi. Chukua Leap, openSUSE ya matoleo ya vipindi, zypper ni ileile.