Kurasa za Joust ziko wapi? Uzoefu wangu na Ready Player One

Aisee naomba nianze na kitabu maana nikianza na muuzaji sitamaliza. Ready Player One ya Ernest Cline, ya 2011, nimeipenda mpaka nikawa naisoma nimesimama kwenye daladala. Ni miaka ya 2040, dunia imechoka, kazi hakuna, kijana Wade anaishi kwa shangazi yake Oklahoma City kwenye matrela yaliyopangwa moja juu ya lingine, na karibu kila mtu anavaa miwani na glovu anakimbilia OASIS, dunia ya kompyuta ambayo hata shule anasomea humohumo. Aliyeitengeneza, Halliday, kafa hana mtoto, kaacha wosia kwamba atakayelipata yai alilolificha ndani ya OASIS anachukua mali yote, na kulipata lazima uwe umeiva kwenye gemu na muvi za miaka ya 80. Hilo la yai limetoka kwenye gemu ya kweli, Adventure ya Atari, Warren Robinett alificha jina lake chumba cha siri kwa sababu kampuni ilikuwa haiwataji watengenezaji. Nimependa sana hapo.

Sasa. Wade anaingia kwenye kaburi humo OASIS kusaka ufunguo wa kwanza wa kulifikia yai, anamkuta Acererak, mfalme mfu, kwenye kiti chake, wewe msomaji umeshajiandaa kwa damu, lile zimwi linamwambia tucheze Joust! Gemu ya 1982, mnapanda mandege makubwa mmoja mbuni mwenzio korongo, mnagongana hewani na mikuki, aliye juu ndo anamwangusha wa chini. Mbili kati ya tatu. Moyo unanidunda, nafunua ukurasa, narudishwa darasani. Kurasa nilizokwisha kusoma zimerudiwa, halafu baada ya hapo jamaa tayari ana ufunguo wa shaba na dunia nzima inamtaja. Nikafunua mbele nikafunua nyuma, wapi.

Nikampigia muuzaji, kwa heshima kabisa, kaka samahani kitabu kina kasoro. Ananiambia, "Dada yangu, kurasa chache hizo, si kuna muvi? Angalia muvi." Halafu eti kwani hukumnunulia mdogo wako wa kiume, mambo ya gemu hayo we dada yanakuhusu nini. Nilikata simu. Kuna mhusika humo kitabuni angemjibu vizuri kuliko mimi, ila nikisema zaidi nitaharibu uhondo.

Na muvi nikaiangalia kwa hasira zangu! Ya Spielberg, 2018. Joust haipo!! Kaburi halipo! Ufunguo wa kwanza wanagombania kwenye mbio za magari, King Kong yupo katikati ya barabara anaponda watu. Ni nzuri, sikatai, lakini yule kaka hajaona muvi wala kusoma kitabu, anauza tu kama anavyouza chaja.

Kwa hasira hizo nikaanza kuona na makosa ya Cline mwenyewe. Orodha za muvi na bendi hazina mwisho, na Wade kila kitu anakijua, kila gemu anaiweza, ikafika mahali nikasema hiki kitabu kimesifiwa bure. Ila nikafika anapocheza Pac-Man bila kukosea hata kidogo, pointi 3,333,360, na zawadi ni kasarafu kamoja tu ambako hajui ka nini… jamani. Narudisha maneno yangu, kisomeni.

Zile kurasa rafiki yangu mwenye nakala nzima kanipigia picha kanitumia WhatsApp. Raundi ya kwanza ya Joust Wade anapigwa, kwa hiyo mnaweza kuona nilikoseshwa nini.

Juzi muuzaji kanitafuta mwenyewe, eti dada sehemu ya pili ipo, Ready Player Two, nikuwekee? Hata pole hakuna. Nikamwuliza kurasa zimetimia? Tiki za bluu, kimya mpaka leo. Na ubaya wake nakitaka.